Kamera Pacha: Mnunuzi wa Kiptere Achague Ipi?

Bonasi ya chai inapoingia kwenye akaunti za wakulima wa Kericho na Bomet mwezi wa Oktoba, huelekezwa kwenye mambo yaliyosubiri mwaka mzima: karo, mabati, ng'ombe wa maziwa, na sherehe. Baada ya hapo hufuata koito (sherehe ya posa ya Wakalenjin), arusi, vijana kutoka jandoni, na mahafali. Kwa mpiga picha wa Kiptere, huko Sigowet, hii ndiyo miezi ya kazi, na ndiyo miezi ambayo yeye pia huthubutu kufikiria kununua kifaa kipya. Akitaka kamera ndogo ya hali ya juu, ya kuingia mfukoni mwa koti bila kuwashtua wazee waliokaa sebuleni, ila picha zake zikubali kuchapishwa kubwa na kutundikwa ukutani, atachuja orodha mpaka abaki na mbili. Na mara nyingi hizo mbili zinakaribia kuwa kitu kimoja. Kihisi kilekile, lenzi ileile, uzito uleule. Kilichoachana ni bei, au nembo, au tarakimu moja ya Kirumi mwishoni mwa jina.

Hapo ndipo watu hukwama, na si kwa sababu hawajui kamera. Hukwama kwa kuwa wanaupima mfanano wa kila namna kwa kipimo kimoja. Kamera mbili zinaweza kufanana kwa sababu zimetoka kiwandani kama kitu kimoja na kupewa majina mawili. Zinaweza kufanana kwa sababu moja ni toleo la jana la nyingine. Zinaweza kufanana kila mahali isipokuwa pale panapotengeneza picha. Na zinaweza kuwa na jina moja kabisa huku zikitofautiana kuliko hao pacha wote. Kila mfanano una swali lake. Anayejua ni upi ulio mbele yake hupata jibu upesi. Asiyejua atasoma majedwali ya namba mpaka msimu wa arusi umpite.

Kwa nini zimefanana hivi

Mwaka 2010 watengenezaji wa Japani walisafirisha zaidi ya kamera milioni 100 zenye lenzi isiyobanduka, kwa hesabu za chama chao, CIPA. Kufikia 2023 idadi hiyo ilikuwa imeshuka chini ya milioni 2. Simu ilichukua soko lote la kamera ya bei nafuu, na kampuni zilizobaki zikapanda ngazi: kihisi kikubwa zaidi, lenzi inayofunguka zaidi, na bei inayoanzia karibu dola 500 na kuvuka 1,500.

Soko likishakuwa dogo, kubuni kamera mpya kutoka mwanzo ni gharama ambayo mauzo hayawezi kuirudisha. Ndiyo maana lenzi moja hutumika miaka mingi, mwili mmoja huuzwa kwa majina mawili, na toleo jipya huwa ni la zamani lililorekebishwa pahali pawili au patatu.

Bado kuna sababu ya kuzinunua. Kihisi cha inchi 1 kina milimita 13.2 kwa 8.8, kile cha APS-C kilichomo ndani ya Ricoh GR III kina takriban 23.5 kwa 15.6. Simu nyingi zina kihisi kidogo kuliko vyote viwili. Katika sebule yenye taa moja na watu thelathini, eneo hilo la ziada la kupokea mwanga ndilo linalotofautisha uso wenye undani na uso uliolainishwa na programu mpaka ukapoteza mikunjo yake. Kwa kazi ya kulipwa, kamera ndogo nzuri ina nafasi yake. Swali ni ipi.

Mfanano wa kwanza: nembo mbili, kamera moja

Mfano ulio wazi zaidi ni Panasonic Lumix LX100 na Leica D-Lux (Typ 109), zilizotangazwa zote mbili Septemba 2014. Leica, kampuni ya Wetzlar nchini Ujerumani, na Panasonic ya Japani zimeshirikiana tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na matunda ya ushirikiano huo ni mfululizo wa kamera zinazouzwa na kila mmoja kwa nembo yake. Katika hizi mbili kihisi ni kimoja, cha aina ya Four Thirds, kinachotoa megapikseli 12.8. Lenzi ni moja, inayofanya kazi ya milimita 24 hadi 75 kwa kipimo cha filamu ya 35mm, na tundu lake hufunguka hadi f/1.7 upande mpana na f/2.8 upande wa kuvuta karibu. Video ya 4K zote zinayo.

Tofauti zake zinahesabika kwa vidole. Panasonic ina mshikio uliotokeza mbele. Leica ina uso laini. Leica iliuzwa pamoja na leseni ya Lightroom, programu ya kusafishia picha. Programu ya ndani hutengeneza rangi za JPEG kwa namna iliyoachana kidogo. Baada ya hapo ni bei: nchini Marekani Panasonic ilitoka kwa dola 900, Leica kwa takriban dola 1,195. Miaka miwili kabla ya hapo LX7 ilitoka kwa dola 500 na pacha wake, D-Lux 6, kwa dola 800. Mwaka 2018 zikaja LX100 II na D-Lux 7, kwa mtindo uleule.

Rangi za JPEG zinastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu ndicho kitu pekee ndani ya picha kinachotofautiana, na kwa sababu wateja wetu ni watu weusi. Historia ya upigaji picha haikututendea haki hapa. Kwa miongo mingi filamu za rangi za Kodak zilipimwa kwa kadi zenye picha ya mwanamke mweupe, na ngozi nyeusi ikawa inatoka bila undani. Malalamiko ya watengenezaji wa chokoleti na fanicha za mbao, walioona bidhaa zao za kahawia zikifichwa rangi, yalichangia filamu hizo kurekebishwa. Kamera ya dijitali haitumii kadi hiyo, lakini mita yake ya mwanga hujaribu kuvuta kila kitu kifike kwenye kijivu cha wastani. Bibi arusi mwenye gauni jeupe akisimama mbele ya mawingu ya Kericho, mita huona weupe mwingi, hupunguza mwanga, na uso wake huingia gizani.

Leica haitibu jambo hilo, wala Panasonic. Linatibiwa na mpiga picha anayeongeza mwanga kwa theluthi mbili za hatua au hatua nzima, na anayerekodi faili za RAW, yaani data ghafi ya kihisi, ili arekebishe rangi mwenyewe baadaye. Na RAW za pacha hawa zimetoka kwenye kihisi kimoja kupitia lenzi moja. Kwa mtu anayefanya kazi hivyo, tofauti pekee iliyokuwa ndani ya picha imekwisha.

Kwa hiyo swali la mfanano huu ni la pesa na la mkono: je, mwili upi unashikika, na ile pesa ya ziada ingefanya nini mahali pengine? Nitalirudia hapo chini kwa hesabu.

Mfanano wa pili: toleo la jana na toleo la leo

Mfululizo wa RX100 wa Sony ni darasa zima la mfanano huu. RX100 III ya 2014, IV ya 2015 na V ya 2016 zina lenzi ya milimita 24 hadi 70 yenye tundu la f/1.8 hadi f/2.8, kihisi cha inchi 1, megapikseli 20, na mwili ambao ukiziweka mezani utalazimika kusoma maandishi ili kuzitambua. IV ilileta video ya 4K na mwendo wa polepole. V ilileta fokasi ya kasi zaidi na uwezo wa kupiga fremu 24 kwa sekunde.

Mtu akisoma orodha hiyo atadhani kila hatua ni ya kupanda. Lakini zote tatu hutumia betri ileile, NP-BX1, na kamera yenye kasi zaidi hula chaji zaidi. Kwa kipimo cha CIPA, chaji moja ya III hupiga picha 320, ya IV 280, ya V 220. Fikiria sasa arusi inayoanza saa mbili asubuhi nyumbani kwa bibi arusi, ikaenda kanisani, ikamalizikia kwenye mahema saa kumi na mbili jioni, katika siku ambayo stima imepotea tangu usiku uliopita. Kwa anayepiga picha za kawaida tu, watu waliosimama au kuketi, III ya zamani itamfikisha mbali kuliko V, na mtumba itampa kwa bei ndogo. Kwa anayepiga wanariadha wa shule wakikata utepe, V ina fokasi inayostahili bei yake.

Jozi nyingine ni RX100 VI ya 2018 na VII ya 2019. Lenzi ni ileile ya milimita 24 hadi 200, tundu f/2.8 hadi f/4.5, na tofauti ya picha tuli kati yake ni ndogo mno. Lakini VII ina tundu la maikrofoni, na VI haina. Tena VI hukata video ya 4K baada ya dakika tano hivi, kikomo ambacho VII haikubaki nacho. Sherehe za huku zimejaa maneno: wazee wa pande mbili wakizungumza katika koito, mchungaji akihubiri, mgeni rasmi akihutubia harambee. Video ya maneno bila sauti safi haina kazi, na dakika tano hazifikishi hata salamu za mchungaji. Kwa mpiga picha tuli, hizi ni kamera moja na achukue ya bei nafuu. Kwa mpiga video, ni kamera mbili tofauti kabisa, ingawa zimevaa sare moja.

Swali la mfanano wa pili, basi, ni hili: kile kilichoongezwa kinagusa kazi yangu ya kila wiki, au kinagusa kazi ninayotamani kuifanya siku moja? Kama hakiigusi, toleo la jana linatosha. Na ni lazima kuuliza pia kilichopunguzwa, jambo ambalo matangazo hayalisemi.

Mfanano wa tatu: mwili mmoja, jicho jingine

Ricoh GR III ilitoka 2019 na GR IIIx ikafuata 2021. Kihisi ni kilekile cha APS-C chenye megapikseli 24. Tundu la lenzi ni f/2.8 kwa zote. Uzito ni gramu 257 na 262. Hakuna zumu, hakuna flashi ya ndani, hakuna dirisha la kuchungulia. Zilipotoka ziliachana kwa dola 100 tu. Katika majedwali ya kulinganisha, hizi zinafanana karibu kila mstari.

Katika picha, ndizo zinazotofautiana kuliko zote. GR III huona kama lenzi ya milimita 28. GR IIIx kama ya milimita 40. Ukisimama mita tatu kutoka kwa watu, ya kwanza hufunika upana wa karibu mita 3.9, ya pili mita 2.7. Tofauti hiyo ya mita moja na ushee ni watu wawili walioketi kwenye kochi.

Chukua sebule ya nyumba ya Kiptere siku ya koito. Makochi yamezunguka kuta, meza imewekwa katikati, mursik, maziwa yaliyochachushwa, iko tayari, na mpiga picha amebanwa mlangoni bila pahali pa kurudi nyuma. GR III itawachukua wazee wa upande mmoja wote. GR IIIx itamwacha mzee wa pembeni nusu. Mtoe nje bibi arusi huyohuyo, asimame kando ya majani chai, na mambo yanageuka: milimita 28 itamlazimisha mpiga picha kumkaribia mno, pua itakuzwa na masikio yatarudi nyuma, milimita 40 itamchora kama wanavyomwona ndugu zake.

Na shambani? Kwa mchumaji katikati ya michai iliyofika kiunoni, milimita 28 humweka pamoja na kilima chote nyuma yake, na milimita 40 hushika vidole vyake na majani mawili na kichipukizi. Kwa mkulima anayetaka kupiga picha ya jani lenye doa ili ampelekee afisa wa kilimo, au wataalamu wa taasisi ya utafiti wa chai iliyoko Timbilil, GR III hukaribia hadi sentimita 6 katika hali ya kupigia vitu vidogo, IIIx hadi sentimita 12.

Hapa bei isiamue hata kidogo. Njia nzuri ya kujua ni kupitia picha zilizomo ndani ya simu yako. Kamera kuu ya simu nyingi huona karibu na milimita 24 hadi 28. Kama picha zako bora ni zile ulizopiga bila kuvuta, GR III ni jicho lako tayari. Kama kila mara vidole vyako huvuta picha karibu kabla ya kubonyeza, umekuwa ukiomba milimita 40 miaka yote.

Mfanano wa nne: jina moja, soko jingine

Wengi wetu hatununui dukani kamera mpya ndani ya sanduku. Tunanunua mtumba: iliyoletwa na ndugu kutoka Marekani, iliyotoka Uingereza, iliyoagizwa Japani. Na hapa kamera mbili zenye jina lilelile, modeli ileile, mwaka uleule, zinaweza kutofautiana zaidi ya Leica na Panasonic.

La kwanza ni lugha. Kamera nyingi za Sony na Panasonic zilizotengenezwa kwa soko la Japani lenyewe zina menyu ya Kijapani pekee, na haibadiliki. Aliyewahi kununua gari kutoka Japani na kukuta redio inayozungumza naye kwa maandishi asiyoyasoma anaijua hali hii, ila redio unaweza kuipuuza. Menyu ya kamera utaihitaji kila siku.

La pili ni umeme. Stima ya Kenya ni volti 240, hezi 50. Kamera za Panasonic zilizouzwa Marekani hurekodi video kwa fremu 30 au 60 kwa sekunde, mfumo unaolingana na umeme wa huko wa hezi 60. Ukirekodi chini ya mirija ya taa au LED za bei nafuu ndani ya ukumbi wa Kericho, picha huweza kuwa na mistari inayopanda na kushuka. Ipo dawa, ya kuweka kasi ya shata kuwa 1/50 au 1/100, lakini afadhali kujua kabla ya arusi kuliko baada yake. Iliyouzwa Ulaya hurekodi fremu 25 au 50 na hupatana na taa zetu.

La tatu ni muda. Kamera nyingi zilizouzwa Ulaya zilifungiwa zisirekodi zaidi ya dakika 29 na sekunde 59 mfululizo, kwa sababu ya ushuru wa huko uliozitoza zaidi kamera zilizohesabiwa kuwa vinasa video. Kwa anayerekodi ibada nzima, hili ni jambo la kulipanga mapema.

Kwa hiyo muuzaji akikwambia "ni ileile," muulize ilinunuliwa nchi gani. Washa, fungua menyu, tafuta lugha, kisha tafuta orodha ya kasi za video. Kazi hiyo haizidi dakika mbili, na hutoa habari ambayo jedwali lolote la kulinganisha modeli haliwezi kukupa.

Ardhi na hewa ya huku

Yapo mambo yanayozipima kamera zote mbili sawasawa. Hayo hayawezi kukuchagulia kati yake. Hukwambia tu kama aina yote inakufaa, na namna ya kukagua ile uliyoshika mkononi.

Kericho hupata mvua nyingi, mara nyingi alasiri, na mvua ya mawe si mgeni. LX100, D-Lux zilizotajwa hapa, RX100 na GR III hazikutengenezwa kuzuia maji. Unyevu wa hewa nao huotesha kuvu ndani ya lenzi, taratibu, kamera ikiwa imelala kabatini. Mahali salama ni chombo chenye kifuniko kinachobana, pamoja na vifuko vya silika vinavyokaushwa mara kwa mara.

Msimu wa kiangazi mambo hugeuka. Barabara za vumbi jekundu huingiza unga kila mahali, na lenzi inayotoka na kurudi kila unapowasha hunyonya hewa pamoja na unga huo. Kwenye kamera kubwa, fundi hutoa lenzi na kusafisha kihisi. Kwenye hizi, lenzi haitoki. Kusafisha ni kuifungua kamera yote, kazi ya fundi stadi ambaye kwa kawaida yuko Nairobi. Doa moja kwenye kihisi litaonekana kwenye anga ya kila picha ya arusi.

Jaribio lake ni rahisi. Elekeza kamera kwenye anga au ukuta mweupe, funga tundu mpaka f/11, piga, kisha kuza picha na uipitie pembe kwa pembe. Sikiliza lenzi ikitoka: isikwaruze, isisite. Toa betri uone kama imevimba. Ikiwa LX100 moja ina madoa na D-Lux nyingine ni safi, basi D-Lux hiyo ndiyo kamera bora, hata kama nimesema yote niliyosema juu ya pacha hawa. Katika mtumba, hali ya kipande kimoja huizidi tofauti ya modeli mbili.

Ile pesa ya ziada ni shilingi ngapi

Turudi kwenye dola 295 zilizotenganisha LX100 na Leica yake. Kwa kiwango cha shilingi 129 kwa dola, ni karibu shilingi 38,000, kabla ya ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16 kuiongeza tofauti hiyo kwa anayeagiza mwenyewe. Tukichukulia mkulima anapokea shilingi 25 kwa kilo kama malipo ya mwezi, hizo ni zaidi ya kilo 1,500 za majani mabichi yaliyochumwa, kubebwa na kupimwa kwenye kituo. Familia nyingi za Sigowet zingehitaji miezi kuzichuma.

Kiasi hicho kinaweza kununua betri mbili za ziada, kadi mbili zenye kasi ya kutosha kurekodi 4K, diski ya nje ya kuhifadhia picha za wateja, na chombo kisichoingiza unyevu, kisha ikabaki nauli ya kwenda kwa fundi Nairobi na kurudi. Kila kimoja kati ya vitu hivyo kina uhusiano wa moja kwa moja na kazi isiyoharibika. Betri ya pili huokoa jioni nzima ya arusi. Diski ya pili huokoa arusi yenyewe, kwa maana kadi ikifa, hakuna anayeweza kuwarudisha wageni wote kanisani.

Wapo wanaopinga hoja hii, na hawasemi upuuzi. Wanasema Leica huhifadhi bei yake vizuri zaidi inapouzwa tena, hivyo sehemu ya ile ziada hurudi. Ni kweli, mradi mnunuzi wa pili anaijua Leica na yuko tayari kuilipia. Mnunuzi huyo yuko Nairobi zaidi kuliko Sondu au Kapsoit, na kumtafuta ni gharama. Wanasema pia kwamba mtu huibeba kamera anayoipenda, na isiyobebwa haipigi picha. Hilo nalikubali kwa moyo wote, na ndiyo sababu nasema zishikwe mkononi kabla ya kulipa. Lakini upendo huo ukaguliwe kwenye vidole: mikono ikiwa na mvua, mshikio wa Panasonic una faida ambayo uso laini wa Leica hauna. Mwenye pesa ya kutosha kununua Leica pamoja na betri, kadi na diski zote, na anayeona raha kuishika, ainunue bila kujieleza kwa mtu. Asiyeweza kununua vyote asianze na nembo.

Hukumu

Ukiwa na kamera mbili mbele yako, anza kwa kutambua mfanano wake. Zikiwa nembo mbili za kamera moja, chukua ya bei nafuu inayoshikika vizuri na upeleke ziada kwenye betri, kadi na hifadhi. Zikiwa toleo la jana na la leo, andika kazi ulizofanya miezi mitatu iliyopita. Kama jipya halikugusa hata moja, chukua la jana, na kama kazi yako ni video ya maneno, usikubali kamera isiyo na tundu la maikrofoni kwa punguzo lolote. Zikiwa mwili mmoja wenye jicho tofauti, sahau bei na uchague umbali unaosimama unapopiga watu. Zikiwa na jina moja, uliza zilinunuliwa nchi gani. Na katika hali zote nne, mtumba usio na jaribio la ukuta mweupe usilipiwe.

Kwa mpiga picha wa Kiptere anayeanza leo na bajeti ya kamera moja, ushauri wangu ni LX100 au RX100 III ya soko la Ulaya, iliyokaguliwa, pamoja na betri tatu na diski. Uamuzi huo haustahili kuchukua zaidi ya siku moja ya soko. Wiki zinazobaki kabla ya Desemba azitumie kujifunza kupima mwanga kwenye nyuso nyeusi, ndani ya nyumba na nje, kwa maana tofauti kati ya kamera pacha hakuna mteja atakayeiona, na tofauti kati ya mpiga picha aliyefanya mazoezi na ambaye hakufanya, kila mteja ataiona.